Nilivyomfukuza somo wa binti yangu kwa sababu ya baikoko

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Vijana, marahaba mapema.

Mimi ni mzee wa Usagara, Tanga, nilisoma mpaka fomu foo. Haya yamenitokea mimi, na sijapunguza kitu ili nionekane mwema.

Humu mmebishana wiki nzima: baikoko na singeli ni utamaduni au uhuni? Nimesoma kurasa zote huku nanyanyuka, nakaa, nanyanyuka tena.

Miaka mingi nyuma nilimwoza binti yangu, Mwanaidi, kwa watu wa Mwera, kule Pangani. Wakwe walikuja na kanzu nyeupe, wametulia. Nikataka waone wamefika kwa wastaarabu.

Uani wanawake wakaanzisha baikoko. Kwa msioijua, ni ngoma yetu: wanaume wanapiga, wanawake wamefunga khanga kiunoni wanacheza kwa kukata viuno.

Aliyeongoza ni Bi Mwanahawa wa Pongwe, somo wa binti yangu, yaani yule aliyemfunda tangu alipovunja ungo.

Mkwe mmoja akacheka. Mpaka leo sijui alicheka nini. Nikamnyang'anya MC maiki:

"Wahuni hawa sikuwaita mimi! Tokeni nyumbani kwangu!"

Ngoma ikakatika. Bi Mwanahawa akafungua khanga kiunoni, akajitanda, akatoka. Wanawake wa mtaa wakamfuata, hadi wapishi. Wali uliungulia jikoni.

Sasa wakuu, kwetu bibi harusi hupelekwa na somo wake. Ndiye anayekaa naye fungate na kumkingia kifua kwa mawifi.

Mwanaidi alikwenda Mwera bila somo. Mawifi wakamsimanga mpaka akazaa: "Mwali gani huyu hana mtu? Kaokotwa wapi?"

Hayo niliyasikia kwa watu. Yeye mwenyewe alikuwa akipiga simu ananisalimia, basi, anakata.

Nitoke nje ya mada kidogo. Ujanani nilivaa suruali za bugaluu, pana miguuni, Jumamosi hazinipiti dansini. Marehemu baba aliniita mhuni mbele ya wageni, nikalia kama mtoto. Halafu nikaja kufanya yale yale, tena kwa spika.

Mwezi uliopita Mwanaidi akapiga. Mjukuu wangu anaolewa na amechagua kutokea nyumbani kwangu.

"Baba, sikudai kitu. Niletee somo wangu tu. Mwanangu haendi kwa watu kama nilivyokwenda mimi."

Nikaenda Pongwe. Bi Mwanahawa alikuwa barazani anachagua mchele.

"Aaa, Bwana Mstaarabu! Leo umepotea njia?"

Nikaomba radhi pale pale. Hata ungo hakuuweka chini.

"Hapa tuko wawili, nani kasikia? Ulinitukana kwa spika, Baba Mwanaidi. Radhi nayo ipite kwenye spika, wakwe wakiwepo, ndipo nimchukue mwali. Hutaki, tafuta somo mwingine."

Nilimjibu nitafikiria. Jamani, nitafikiria! Uzee mzima huu.

Harusi ni Jumamosi hii. Nimeandika maneno mara nne na kuyachana. Kila nikianza, najikuta najitetea: wakwe walikuwepo, zama zile zilikuwa hivi, mimi nililelewa vile. Nikisikia tu ngoma ya majirani, nazunguka nyumba kama niliyepoteza funguo.

Nilichojifunza ni hiki. Niliona viuno tu. Sikuona kwamba wanaocheza pale ndio wanaopika misibani kwetu, ndio wanaokaa na mzazi akijifungua, ndio wanaompeleka mwali. Nilidhani nafukuza ngoma, kumbe nimemfukuzia mwanangu watu wake.

Sisemi kila kinachochezwa ni kizuri. Mengine hadi leo nageuza uso. Lakini ukitaka kukihukumu, uliza kwanza kinawaunganisha kina nani, na ukikikata wewe utaweka nini mahali pake. Mimi sikuwa na cha kuweka. Nilikuwa na aibu yangu tu mbele ya wakwe.

Jumamosi nitaishika maiki. Nimeshamtumia Mwanaidi ujumbe, ameusoma, hajajibu.

Waliowahi kuomba radhi mbele za watu, sentensi ya kwanza mlisemaje? Niandikieni hapa chini. Wenye kunisema nao waseme, nasoma yote.