Kidonge Kilichomchukulia Honorata Hasira

Mama Honorata alivuka ziwa kutoka Kalemie mwaka tisini na saba, vita vilipofika mjini kwao. Alipanga chumba kwetu Katonga, akawa anaanika dagaa mchangani kama wanawake wengine, na mimi nikitoka shule nilimsaidia kuwageuza. Ndipo nilipojua habari za Gervasi.

Gervasi ndiye mwenye boti lililomvusha. Siku ile alisema limejaa, akamwacha mumewe, Onesmo, ufukweni kule, akaapa kwamba angerudi kumchukua kabla jua halijazama. Hakurudi. Alifunga boti Katonga, akala, akalala. Onesmo hajasikika mpaka leo. Na Gervasi tulimwona kila asubuhi mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, anacheka na wavuvi, anasema yeye hajawahi kumbeba mwanamke huyo.

Mama Honorata alitaka jambo moja tu, amuumbue mbele ya wavuvi wote na aone sura yake ikibadilika. Lakini kila alipomwona, magoti yalimlegea na ulimi ukakauka. Zahanati walimpa diazepamu, nusu kidonge kila jioni, kwa ajili ya woga huo.

Mimi swali likiniingia siwezi kukaa nalo. Nilimuuliza mwalimu Skolastika wa baiolojia kidonge kile kinafanya nini mwilini. Akanisimulia juu ya panya wa maabara waliopigwa shoti ya umeme kila walipogusa chakula, hata wakaacha kula na njaa yao. Walipopewa dawa za namna ile walikirudia chakula, na shoti ilikuwepo vilevile. Nilikimbia nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyeokota almasi.

Mama Honorata alisikiliza mpaka mwisho. "Basi panya ni mimi," alisema. "Na Gervasi ndiye chakula changu."

Kesho yake asubuhi alimeza vidonge viwili vizima. Sikumzuia. Nilitaka kuona.

Kweli magoti hayakutetemeka. Alitembea moja kwa moja hadi botini. Gervasi alimtazama macho, akayaona mazito, akamwita shemeji. Akachagua samaki mmoja, mgebuka mnene, akamnyooshea mbele ya watu. Mama Honorata akatabasamu, akampokea yule samaki kwa mikono miwili, akasema asante.

Mwaloni kwetu, ukipokea kitoweo namna hiyo kwa mtu mliyegombana naye, watu wakiona, ugomvi umekwisha.

"Mmeona wenyewe," Gervasi akawaambia. "Shemeji hana neno na mimi."

Mchana dawa ilipomtoka, alilia kwa hasira mpaka akatapika. Habari za woga wa panya nilikuwa nimemletea. Kama dawa ile hulaza na hasira pia, sikuwa nimeuliza.

"Kimenichukulia vyote," alisema. "Woga wangu, na Onesmo wangu."

Nesi alimkaripia, akamwambia apunguze kidogo kidogo, asiache ghafla. Ilichukua wiki tatu za jasho na kukesha. Halafu akarudi mwaloni bila kumeza kitu, akitetemeka mpaka khanga ikamwanguka begani. Hakumsemesha Gervasi. Aliwageukia vijana waliovua naye, Amosi na Bariki, waliokuwa wanapakia karabai zao, taa za kuvulia usiku.

"Mkizama huko katikati, huyu atawaambia anakuja," alisema, meno yakigongana. "Mume wangu aliambiwa hivyohivyo."

Gervasi akacheka, akasema mama huyu anakunywa dawa za vichaa, na tena kitoweo alishapokea.

"Siku ile nilikuwa nimelewa dawa. Leo sijameza. Niangalie ninavyotetemeka, halafu sema hukunibeba."

Gervasi akawatazama watu mmoja mmoja.

"Boti lilikuwa limejaa," alisema. "Nyinyi mngefanyaje?"

Amosi akashusha karabai yake. Bariki akashusha ya kwake. Hakuna mvuvi anayekwenda usiku ziwani na mtu asiyerudi kuchukua wenzake. Wiki ile Gervasi hakupata hata mmoja wa kuingia naye majini, na boti likabaki limelala mchangani. Mama Honorata akahamishia dagaa wake ubavuni mwa boti hilo, akawa anaanika hapo kila siku ili Gervasi amwone.

Nilimuuliza kama sasa anapata usingizi.

"Sipati," alisema, akigeuza dagaa. "Ila naye hapati."