Detente, na Kahawa ya Kutafuna

Neno detente nililisikia darasa la jioni, hapa Bugene, kwenye somo la historia. Mwalimu alisema mabalozi walilichukua kwa Wafaransa. Asili yake ni kulegeza, kama kamba ya upinde uliokuwa umevutwa. Mataifa makubwa yaliyokuwa tayari kupigana yakipunguza ukali, ndiyo detente.

"Si urafiki," alisema. "Upinde wake kila mtu bado anao."

Mzee mmoja, fundi cherehani, akauliza, "Mwalimu, mke wangu hajanisemesha tangu Jumapili. Hiyo ni detente?"

"Hiyo ni vita, mzee wangu. Kanunue nyama."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa namuwaza mdogo wangu wa Mabira.

Tulipomzika mama, yeye alitengeneza lubisi, pombe yetu ya ndizi, awape waombolezaji. Mimi na wokovu wangu nikaimwaga kwenye migomba, watu wanaona. Miaka mitatu hakuniamkia. Mume wangu ni marehemu, watoto wako mbali. Huyo tu ndiye alikuwa amebaki wa kuniita dada. Kila jioni napika ndizi, nakula peke yangu, napiga magoti, namwomba Mungu ambadilishe yeye.

Jumamosi iliyofuata nikapanda bodaboda mpaka kwake. Nikamkuta uani anaanika maharage.

"Umekuja kumwaga nini leo?"

"Simwagi kitu. Nilikukosea mbele za watu. Pombe sinywi, na sitakunywa. Ila ile haikuwa yangu."

Akaendelea kutandaza maharage. Nikabaki nimesimama juani, mkoba mkononi, naona aibu hata kukaa bila kukaribishwa. Baadaye akaingia ndani. Nikajua ndiyo basi. Akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu mgeni lazima apewe. Mwaka jana nilipokuja hakunitolea. Hakunipa mkononi, alikiweka chini, katikati yetu. Tukatafuna.

Nilipoinuka kuondoka, yeye akageukia maharage yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Hakunisindikiza. Jioni nikapika ndizi, nikala peke yangu kama siku zote. Punje moja ya ile kahawa nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Sikuitafuna.