Mtungi wa Fideli

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, watu wa kilima chetu cha Gisozi waliamini kwamba mvua ina mwenyewe. Ikichelewa, hawakuuliza imepatwa na nini. Waliuliza iko kwa nani. Naandika haya nikiwa nimechoka, kwa sababu juma lililopita tu nilisimama mbele ya wakazi na michoro yangu ya mabadiliko ya tabianchi, nikaeleza kwa karibu saa nzima, na nilipomaliza mzee mmoja aliyevaa koti safi akaniuliza swali hilohilo, kwa upole kabisa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mvua ambazo kwetu hutarajiwa Septemba zilikuwa hazijafika, na Oktoba ilikuwa imeanza. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa ameshapanda maharagwe kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alifukua moja kwa kidole, akalitazama, akalirudisha. Lilitoka kama lilivyoingia, gumu, halijavimba hata kidogo.

Chini bondeni, upande wa Nyabugogo, Fideli alikuwa anafyatua matofali. Hakuwa ndugu yetu, lakini nilimwita Tonto, kama tulivyowaita wanaume wote wa rika la wajomba zetu. Matofali ya msimu ule hakuwa anayauza. Alikuwa ameposa msichana wa mtaa wa Kimisagara, na baba wa msichana alitaka kuona kuta za nyumba kwanza. Kwa hiyo jua lililomkondesha Bibi lilimnenepesha Fideli. Alipanga matofali mabichi safu kwa safu, akayafunika nyasi, na kila siku kavu iliyoongezeka ilimsogeza karibu na harusi yake. Alilijua hilo, na hakulificha. Alipiga mluzi akifanya kazi. Nadhani ule mluzi ulimponza kabla ya kitu kingine chochote.

Juma hilo mwalimu wetu alitufundisha habari za mbu. Alisema wanazaliana kwenye maji yaliyotuama, na kwamba chombo kisichotumika kipinduliwe. Nilitoka shule nikiwa nimebeba somo hilo kama kitu kinachoweza kumwagika, nikashuka moja kwa moja bondeni. Fideli alikuwa na mtungi mkubwa wa udongo aliokuwa akilowekea kalibu zake, zile fremu za mbao za kufyatulia, na siku hiyo alikuwa amemaliza kufyatua. Nilichungulia ndani, nikaona maji machafu na vidudu vinavyojipinda.

"Tonto, mtungi huu unafuga mbu. Inabidi uupindue."

"Haya, mwalimu," alisema. "Na vyura nao wanasemaje huko shuleni?"

Lakini aliupindua. Aliugeuza mdomo chini mbele yangu, akaupigapiga kitako, na mimi nikapanda kilima nikijiona mtu mkubwa.

Sikujua jambo ambalo kila mtu mzima pale alilijua: kwamba mtungi uliopinduliwa mahali peupe, wakati wa ukame, hufunga mvua. Jioni Bibi aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia kwamba Tonto Fideli amepindua mtungi wake. Nilikuwa karibu kuongeza kwamba ni mimi niliyemwelekeza, ila uso wake ulibadilika, na sentensi ya pili ikabaki mdomoni. Bibi hakupandisha sauti. Alifunga kitenge chake upya, akatoka kwenda kwa jirani.

Kesho yake asubuhi walishuka, wanawake wengi na wanaume wachache, na mimi nyuma ya Bibi nimeshika nguo yake. Hawakuwa na fujo. Walimsalimu Fideli, wakauliza hali ya mama yake, kisha mwanamume mmoja mwenye shamba jirani na letu akasogea.

"Fideli, mvua iko kwako?"

Fideli alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Wakamuuliza nani alimwambia apindue mtungi jua likiwa kali namna ile. Akasema ni kwa sababu ya mbu. Hapo ndipo walipocheka wao. Mbu, kwenye ukame. Mtu mmoja akasema huyu kijana sasa amekuwa daktari.

Fideli akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyekushikia mlango ili upite. Nilikuwa na maelezo yote kamili; ningeweza kuyasema kwa maneno yaleyale ya mwalimu. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Aliponiona nimenyamaza, naye akanyamaza, hakunitaja.

Wakausimamisha mtungi. Kisha, ili kumwondolea sababu ya kupenda jua, waliteka maji mtoni na kuyamwagia matofali mabichi, ndoo kwa ndoo, mpaka safu zikalegea na kurudi kuwa tope. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Hadi leo jambo hilo linanikera kuliko yote: yale maji, kama wangeyapandisha kilimani, yangeyatosha maharagwe.

Siku ya tatu mvua ikanyesha.

Ilinyesha kama inayolipiza. Ilichukua udongo wa mteremko pamoja na maharagwe, ikaushusha wote bondeni, na Bibi akavuna matope. Ningetegemea watu wajiulize kitu. Walisema Fideli ameifungulia mvua yote kwa mara moja kwa sababu ya hasira. Ikichelewa ni yeye, ikizidi ni yeye. Hapakuwa na mvua ambayo ingemsafisha. Hakungoja zaidi. Aliweka kalibu zake kichwani na kuondoka, na yule msichana, nilisikia, akaolewa na mwingine, mtaa wa Muhima.

Chuo kikuu nilisomea mazingira, na ninajitahidi nisiseme zaidi ya ninachojua. Msimu mmoja uliochelewa si ushahidi wa kubadilika kwa tabianchi. Unahitaji miaka mingi ya vipimo. Ninajua pia kwamba matanuri ya kuchomea matofali kwa kuni, likiwemo la Fideli, yalikuwa yamekula mikaratusi ya kilima chetu, na kwamba ndiyo maana udongo ulikosa cha kuushikilia. Kama angeshtakiwa kwa hilo ningekuwa na la kusema. Hakuna aliyemshtaki kwa hilo. Na ninapowaeleza watu kwamba hewa inapashwa joto na moshi wa viwanda na magari ya nchi ambazo hawajawahi kuziona, na kidogo pia na mkaa wetu na misitu tunayokata, naona macho yanavyozimika. Nimewapa sababu isiyo na uso, wala ua wa nyumba ambao mtu anaweza kuuendea asubuhi.

Baadaye ulikuja mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, ambao siwezi kuugusa kwa sentensi mbili katikati ya habari nyingine. Nimemuulizia Fideli kwa watu wa Kimisagara. Hakuna anayejua.

Mwaka jana nilimwambia Bibi ukweli. Alikuwa ameketi kibarazani anaambua maharagwe, mzee sana sasa, masikio bado mazuri. Nilimweleza somo la mbu, mtungi, na kunyamaza kwangu. Nilisimama kama niko mbele ya hakimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ganda chini.

"Kumbe ni wewe uliyetufungia mvua," alisema. "Na yule mtoto wa watu tukamsumbua bure."

Nilikasirika. Nilifungua kinywa nimweleze upya, tangu mwanzo, kwa mpangilio, na nikajiona nilivyokuwa tayari kusema sana sasa, kwa kuwa hakuna mtu aliyesimama akiningoja. Kuhusu mvua, Bibi amekosea kabisa, na atakufa akiwa amekosea. Lakini katika miaka yote ambayo habari hii imesimuliwa nyumbani kwetu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikiwa na jina langu ndani yake. Fideli angeweza kulitia asubuhi ile, kwa neno moja, na kuokoa nyumba yake.