Moshi Katika Nyumba za Majirani

Nilipoona moshi ukitoka kwenye jiko la jirani yetu aliyehama, nilijua mama amefanya tena. Nilikuwa na kamera shingoni, nimeshapita karibu mashamba yote yanayopakana na msitu upande wetu wa Kieni, nikipiga picha nyumba ambazo wenyewe wameziacha. Mmoja amehamia Kerugoya kwa bintiye, mwingine amekodi chumba Naro Moru, wengine sijui waliko. Ndovu waliwachosha. Ukipanda viazi wanavichimbua, ukivuna wanabomoa ghala, mwishowe mtu anafunga virago na kwenda bila kuaga. Kwenye mstari wetu wote alikuwa amebaki mama yangu peke yake.

Kazi inayonilisha ni picha za pasipoti na za harusi mjini Nyeri. Hizi za nyumba tupu nazipiga kwa sababu siwezi kujizuia. Nimepiga thabai, ule mmea unaowasha ngozi, ukimea sebuleni palipokuwa na kochi. Nimepiga kuvu ikipanda ukutani hadi ikafunika kalenda. Watu wa Nairobi wakiziona mtandaoni huniandikia kwamba ardhi inarudi kwa mwenyewe, ati inapendeza. Hunipandisha hasira. Mwenyewe ni nani? Wangelala kwa mama hata usiku mmoja, wasikie waya wa stima wa kuzuia ndovu ukikatika na mabati yakisukumwa, wangetafuta neno lingine.

Mama alikuwa na dawa yake. Kila jioni kabla ya giza alizunguka nyumba hizo, moja baada ya nyingine, akiwasha moto kwenye mafiga ya wenyewe. Alitia kuni mbichi, mavi makavu ya ng'ombe na pilipili kidogo, moshi mzito ukapenya kati ya mbao na kutanda juu ya paa. Aliamini kwamba ndovu wakiuona watadhani watu bado wapo, wapitie mbali. Nadhani pia hakutaka kujiona peke yake, ingawa hilo hakulitamka. Nililijua kwa sababu alipiga hodi kila mlango kabla ya kuingia.

Siku hiyo alianza mapema, maana ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na mchana ulikuwa umefifia. Nikamkuta amechuchumaa, anapuliza moto.

"Maitu, funga mlango, moshi inatoka yote," akasema.

Mimi ni binti wa pili, nimerithi jina la mama yake, ndiyo maana huniita maitu, yaani mama yangu. Nami namwita mama. Tukigombana tunakuwa mama wawili ndani ya nyumba moja, na hakuna mtoto wa kukubali kushindwa.

"Nimekuja kukuchukua," nikamwambia. "Leo. Tupange nguo zako twende Nyeri."

"Ati kunichukua? Mimi ni gunia ya viazi?"

"Mama, wenzako wote wameenda."

"Wameenda mbio. Na nikienda mimi, hapa atabaki nani?"

"Hata saa hii hakuna mtu hapa. Kuko na moshi tu."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Alinipa mgongo akaendelea kupuliza. Nilikuwa nimekasirika na nilikuwa na hofu, na kwangu mambo hayo mawili hutoka kwa sauti moja.

Ndipo tawi likavunjika huko nje.

Halikuwa tawi dogo. Mama aliinua mkono nisisogee. Nikachungulia kati ya mbao mbili, na kitu cha kijivu kikapita karibu sana hata sikuona umbo lake, niliona mikunjo ya ngozi tu na matope yaliyokauka. Nyuma yake kulikuwa na wengine. Hawakuwa wanapita mbali. Walikuwa wamekuja moja kwa moja, wakakatiza kwenye ule moshi kama watu wanaorudi kwao.

Dirisha la jiko lile halikuwa na kifuniko tena. Mkonga uliingia hapo polepole, ukapapasa meza, ukaangusha mkebe, ukapumua juu ya mafiga na majivu yakaturukia usoni. Tulikuwa tumebanana kwenye pembe. Mama alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Picha ambayo ningeulizwa maisha yangu yote ilikuwa mbele yangu, na sikuthubutu kugusa kamera, kwa sababu yangu hulia ikipiga. Niliwaza kwamba ukuta ule ni mbao za bei rahisi na misumari yenye kutu. Niliwaza kwamba tutakufa nyumbani kwa mtu asiyekuwepo.

Mama akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alianza kuita kwa sauti ya juu, sauti ya mwanamke aliye na nyumba iliyojaa. Alimwita baba wa boma lile alete panga. Aliwaita watoto wa huyo baba mmoja mmoja waje kula, chakula kinapoa. Alimwita jirani wa ng'ambo ya ua, na wa baada ya huyo, wote kwa majina yao.

Mkonga ulitulia hewani.

Hakuna aliyeitikia. Mtu pekee ambaye angeitikia ni mimi. Ndovu alisubiri kidogo, halafu akaendelea kupapasa. Akapata pakiti ya chumvi juu ya rafu, akaitoa nje bila haraka. Tulimsikia akiipasua. Kisha wakaondoka wote kuelekea mashamba ya chini, wakikanyaga kabichi zilizomea zenyewe.

Tulikaa pale hadi hatukuwasikia tena. Nilidhani atakasirika. Angekasirika ningejua la kufanya, ningekasirika naye.

Badala yake alichukua kijiti, akazitenga kuni moja moja na kuzifukia kwenye majivu. Alipangusa meza ya mwenye nyumba kwa pindo la leso, akauokota mkebe na kuurudisha mahali pake.

"Wanajua," akasema. "Hao wanajua kitambo. Ni mimi nilikuwa nadanganywa na hii moshi."

Miaka yote nilikuwa nimebishana naye. Nilikuwa na jibu la shamba, jibu la ng'ombe, jibu la kaburi la baba lililo nyuma ya nyumba. Sasa aliniangalia kama kwamba yeye ndiye msichana aliyefika ugenini.

"Maitu," akasema, "huko kwako nitalala wapi?"

Nilikuwa nimelitaka swali hilo kwa muda mrefu, na sasa nilitamani alimeze, anitukane, awashe moto tena.