Dole Gumba la Mama

Mama yangu alifinyanga mitungi maisha yake yote, na alipofariki hakutuachia hata mmoja. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni, na kwetu hilo gae ndilo lililokuwa sahani. Mitungi mizuri ilipanda milima kila Desemba kwenda kuuzwa Kisii. Iliyobaki nyumbani ilikuwa na ufa, au mdomo uliopinda, na wa mwisho kati ya hiyo uliangushwa na ndama wiki mbili baada ya mazishi. Picha zake ninazo kwenye simu, nyingi tu. Lakini kitu kilichotoka mikononi mwake, ambacho ningeweza kukishika, sikuwa nacho, na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyowaambia watu.

Kazi nikairithi, pamoja na sehemu yake sokoni Marani, huko huko Kisii. Desemba soko lile hufurika. Watoto wanarudi kutoka Nairobi, na kila mama anataka mtungi mpya wa maji pembeni mwa sebule, hata yule mwenye friji, kwa sababu wageni wa Krismasi wakishakula wanataka maji yenye harufu ya udongo. Jirani yangu sokoni aliuza vinyago vya mawe kutoka Tabaka. Alikuwa akiniambia, "Dada, yako ikianguka unalia, yangu ikianguka naokota." Nami nilimjibu kwamba sijawahi kuona mtu akinywa maji kutoka kwa kifaru wa jiwe.

Desemba ya pili bila mama, soko la kwanza la mwezi, nilikuwa nimetoa mitungi kwenye majani makavu ya migomba na kuipanga, alipofika mama mmoja mzee, gunia kichwani.

"Wewe ni mtoto ya ule mama ya mitungi?"

"Ndiye mimi, mama. Yeye alituacha mwaka jana."

"Nilisikia. Pole sana." Akateremsha gunia, likalia kwa ndani.

Mlio ule naujua. Mama alikuwa na sheria yake: mtungi ukipasuka kabla ya Krismasi inayofuata, lete vigae upewe mwingine. Na watu ni watu, wapo waliojaribu kuleta vigae vya enzi za babu zao. Mimi nina mdomo, sikatai. Nikamwahi.

"Mama, mtungi huu ulinunua lini?"

"Wakati mtoto yangu ya kwanza ilikuwa inanyonya. Saa hii ni mwalimu mkuu."

"Basi mtungi haukuvunjika, mama. Umestaafu."

Jirani wa mawe alicheka. Yule mama hakucheka.

"Sitaki ya bure. Nitalipa. Nataka usage hizi, uweke ndani ya mpya. Mama yako aliniambia nyinyi mnafanyanga hivyo."

Ni kweli. Vigae tunavisaga na kuvichanganya na udongo mbichi, ili mtungi mpya uvumilie moto. Lakini hakuna mteja aliyewahi kuniomba hivyo. Kabla sijauliza sababu, akachakura guniani akatoa kigae kikubwa cha shingoni, akakigeuza upande wa ndani.

"Weka kidole hapa."

Nje ya mtungi tunasugua kwa kokoto hadi ung'ae. Ndani ya shingo hakuna anayetazama. Hapo ndipo mama alipokuwa akikandamiza kwa dole gumba la kushoto anapounga shingo na tumbo. Dole hilo lilikatwa na jembe akiwa msichana, likapona likiwa limelalia upande. Na pale kwenye kigae kulikuwa na kishimo kilicholalia upande. Mistari ya ngozi yake ilionekana, myembamba, kama ameondoa mkono sasa hivi. Nilikaa chini kwenye majani ya migomba.

"Kila asubuhi nikichota maji, mkono yangu inafika hapo," alisema. "Bwana yangu alikufa. Watoto wakaenda Nairobi. Asubuhi hakuna mtu ya kusalimia. Nikaanza kusalimia hiyo kidole. Bwakire."

Bwakire ndiyo salamu ya Wakisii kukicha. Nilistaajabu, na bado nastaajabu. Mama yangu hakuwahi kukanyaga nyumba ya mwanamke yule, hakujua hata njia ya kwenda huko, na kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiamkiwa mle ndani kila siku.

"Mama, niachie hiki kimoja tu," nilimwomba. "Nitakupa mitungi miwili."

"Ni mama yako, siwezi kukunyima. Lakini mimi nitasalimia nani?"

Hakusema kwa hasira. Aliniachia gunia zima, akasema atakuja soko la mwisho kabla ya Krismasi, akaenda zake.

Nyumbani nilisaga vigae vyote isipokuwa kile. Nilikiweka dirishani, na kila asubuhi nilikichukua nikaweka dole gumba langu kwenye kishimo. Halikuingia. Langu limenyooka. Siku ya tatu udongo ulikuwa tayari na haukuweza kungoja tena. Nilimkasirikia yule mama, nikamkasirikia hata ndama. Kisha nikajiuliza mama angefanya nini, na jibu nililijua tangu siku ya kwanza, maana hakuwahi kuzuia kitu kizuri kisiende sokoni. Nikakiweka juu ya jiwe nikakiponda. Nililia kwa sauti, wala sioni aibu kusema. Unga wake ulikuwa mwekundu kama wa vile vingine, na nilipouchanganya sikuweza kuujua tena.

Nilipofika shingoni mwa mtungi wa yule mama nilikandamiza kwa dole langu la kushoto. Siku zote huwa napitisha kitambaa chenye maji ndani, kwa maringo tu. Safari hii niliacha alama.

Siku ya kuchoma tulipanga kuni, nyasi na mavi makavu ya ng'ombe. Nimeona moto huo tangu utotoni na bado hunifunga mdomo: mitungi huwa myeusi kabisa, halafu polepole hupata wekundu unaotoka ndani yake yenyewe. Mmoja ulipasuka kwa kishindo. Haukuwa wa yule mama. Asubuhi niligonga wake kwa kidole ukalia vizuri, bila ufa.

Soko la mwisho yule mama alikuja peke yake. Mng'ao wa nje niliouhangaikia hakuutazama hata kidogo. Alikunja mkono wa sweta, akaingiza mkono mtungini hadi kiwiko, akapapasa.

"Si yeye," alisema.

"Si yeye, mama. Yeye yumo kwenye udongo. Kidole ni changu."

Hakutoa mkono. Watu walitupita na kuku na mikungu ya ndizi. Ilikuwa yapata saa nane mchana.

"Bwakire," akasema.

Nikaitikia.