Pikapu Isiyo na Dereva

Kaka yangu Idrisi ni mchinjaji, na watu wakisikia hivyo hudhani mikono yake inajua kukata mifupa tu. Waulize majirani zetu hapa Majengo, Meru mjini. Akishafunga bucha, akaoga, akaswali alasiri, huketi kwenye meza iliyo nyuma ya nyumba yake akatengeneza magari madogo. Si ya kuchezea. Mtoto akigusa anafukuzwa uani, hata awe wangu. Ni magari hasa, ila yamepunguzwa mara ishirini: lori la mchanga, basi la shule, trekta, ile Landrova kuukuu ya daktari wa mifugo.

Mimi ni Latifah, dada yake mdogo. Nashona nguo katika chumba kinachopakana na bucha, na utepe wangu wa kupimia hauishi kupotea kwa sababu Idrisi huuchukua kwenda kupima magari ya watu. Anapima mlango, anapima taa, analala chini ya gari kwenye matope kupima ekseli, na mwenye gari amesimama pale akijiuliza kama mzee huyu ana akili timamu. Halafu anarudi nyumbani na kuanza kukata makopo ya mafuta ya kupikia. Bodi ni makopo hayo. Magurudumu huyakata kwenye soli za kandambili, vioo ni chupa za soda, na brashi hujitengenezea kwa nywele za mbuzi, maana mbuzi hawakosi kwake. Rangi hupewa na Kathuri, fundi wa kupaka magari rangi kule kwenye karakana za jua kali, masalio yanayobaki kwenye mkebe. Anapaka mkono mmoja wa rangi, anasubiri siku tatu ukauke, anapiga msasa, anapaka tena. Ukimharakisha anakasirika. "Rangi haina haraka, Latifah," huniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeishika brashi.

Ana sharti moja. Gari lake haliwi na mtu ndani. Tajiri mmoja mwenye basi aliwahi kumwomba amwekee utingo mlangoni, akaahidi kumlipa mara mbili, na kaka akamrudishia picha zake. "Chenye roho sitengenezi," alimwambia. "Siku ya kiyama nitaambiwa nikitie pumzi. Nitaitoa wapi?"

Mwanawe Yasser alikuwa akimcheka kwa hilo. Yasser alikuwa mtoto wao wa pekee, kijana wa miaka ishirini na sita, na ndiye aliyeendesha pikapu ya bucha kwenda kuleta mifugo kutoka soko la Ruiri. Alikuwa akipita mezani na kikombe chake cha chai, anainama, anachungulia. "Mzee, hizi ndinga zako zinaendeshwa na majini ama? Hakuna hata dere!" Idrisi alikuwa akijifanya hakusikia, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Hivyo ndivyo walivyopendana, na mimi sijaona baba na mwana waliopendana kuwazidi.

Sasa wifi yangu, Mwanabibi. Yeye si wa hapa. Alizaliwa Runyenjes, upande wa Embu, kwa wakulima wa kahawa, watu wa kanisa kila Jumapili, na kwao aliitwa Wawira. Alipoolewa na kaka alisilimu, akajifunza dini mpaka akawa ananisahihisha mimi niliyezaliwa ndani yake, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Lakini kuna mambo hayatoki kwa kubadili jina. Kwao mtu akifa hukaa mochari wiki nzima. Huletwa nyumbani, jeneza likafunguliwa, na kila mtu akapita kumwangalia, akaamini. Sisi mtu akifa asubuhi, jua halichwi akiwa juu ya ardhi. Wanawake hatuendi makaburini, ila kabla jeneza halijatoka nyumbani tunafunuliwa uso, tunaaga. Hiyo ni haki ya mama, haina mjadala.

Mwaka jana, Jumanne moja ya mwezi wa pili, kulikuwa na ukungu barabara ya Ruiri na pikapu ikapinduka. Saa tatu asubuhi Yasser alikuwa ameshatutoka. Mwanabibi alikuwa Runyenjes akimuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Mimi ndiye niliyempigia simu. Akasema, "Nakuja. Wifi, waambie wanisubiri. Muda wa saa tatu tu, nitakuwa nimefika."

Nilimwambia Idrisi. Alikuwa ametoka kumwosha mwanawe, yeye na mzee mmoja wa msikitini, na mikono ya shati lake ilikuwa bado imekunjwa. Akaniambia, "Maiti haicheleweshwi."

"Kaka, ni mama yake."

"Sanda imeshafungwa."

Wakamswalia baada ya adhuhuri, wakamchukua. Hatukufunuliwa uso, hata mimi shangazi yake. Mwanabibi alifika saa tisa kasoro, amevaa kandambili za kufanyia kazi shambani kwa mama yake, akawakuta wanaume ndio wanarudi makaburini, vumbi jekundu viatuni. Hakupiga kelele. Alimwangalia kaka yangu, akamwuliza, "Mmeshamaliza?" Kama mtu anayeuliza kuhusu chakula. Mimi ndiye niliyelia kwa ajili yake.

Baada ya siku hiyo hakumwita tena Baba Yasser. Alimpikia, alimfulia, akimtaka anamwita Idrisi, kavu hivyo. Arobaini ikapita. Ndugu wakaja kusuluhisha, wakaeleza sunna, wakamkumbusha kwamba kuharakisha ni kumheshimu maiti. Aliwasikiliza wote. Kisha akasema neno ambalo nadhani kaka atakwenda nalo kaburini. "Huyu husubiri siku tatu ili rangi ikauke. Mimi alishindwa kunisubiri muda wa saa tatu."

Nikisema ukweli, wakati huo nilikuwa upande wa kaka. Nilinung'unika jikoni kwamba wifi amerudia mambo ya kwao. Ulimi wangu hauna mfupa, na ninaujutia.

Ndipo siku moja Mwanabibi mwenyewe akaenda mezani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu msiba. Akamwambia, "Nitengenezee gari lake."

Kaka yangu alifurahi kama aliyesamehewa. Alikwenda kwenye uwanja wa kituo cha polisi ilikokokotwa pikapu, na utepe wangu mfukoni. Nilimsindikiza, nikatamani nisingekwenda. Upande wa dereva ulikuwa umeliwa wote, bati limekunjwa mpaka ndani. Akapima upande wa abiria uliokuwa mzima, kila inchi, akaandika, na kule kulikoharibika akasema ataugeuza upande huu uwe ule. Alibandua kipande cha rangi kikubwa kama ukucha akampelekea Kathuri. Kathuri akakigeuzageuza juani. "Idrisi, hii nyeupe si nyeupe tu, iko na krimu ndani kidogo. Ngoja nikuchanganyie." Hakukubali kulipwa. Miezi minne kaka alikaa na pikapu ile. Akaweka vyuma vya kufungia ng'ombe kule nyuma, akaweka mstari wa kijani ubavuni, akaandika jina la bucha mlangoni kwa unywele mmoja wa mbuzi, akiwa amezuia pumzi.

Alipomaliza alimwekea mkewe mbele, juu ya kitambaa. Mwanabibi aliizunguka yote. Akafungua kile kimlango kwa ncha ya kidole, akachungulia.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Dereva."

Idrisi akamweleza kile ambacho mwanamke huyo alikijua kwa miaka ishirini na saba. Hakumaliza. "Mara ya kwanza ulinishika na sheria," Mwanabibi akasema, "na leo tena sheria. Sikumwona, Idrisi. Nilitaka unionyeshe yeye mahali fulani. Hata hapa." Kesho yake akafunga nguo zake, akarudi Runyenjes kwa mama yake. Pikapu akaiacha mezani.

Nyumba ya mwanamume aliyeachwa hujulikana hata kwa harufu. Kaka alikuwa akila mkate mkavu na kulala na nguo za kazi. Wateja walianza kumwambia nyama haina chumvi ya maneno siku hizi, kwa sababu alikuwa mtu wa utani naye akawa bubu. Kisha mwezi wa kumi mwaka huu nikamkuta anachonga. Kipande cha mbao laini, kirefu kama kidole. Nikaona mabega, nikaona mikono miwili imenyooshwa kushika usukani, nikaona kofia. Nikasimama mlangoni. Alikuwa analia huku anapiga msasa, machozi yanachanganyika na unga wa mbao.

"Mungu atanihukumu," akaniambia bila kugeuka. "Lakini nataka mke wangu arudi."

Shati akalipaka buluu, kofia nyeupe. Uso ukabaki mbao tupu. Nilidhani anasubiri rangi ya kahawia ikauke. Wiki ikapita, ya pili ikapita, uso hauna kitu. Nilipomwuliza alinifukuza, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwishowe akaitia pikapu kwenye katoni, akaniambia, "Twende Runyenjes. Peke yangu sitathubutu."

Ilikuwa wakati wa kuchuma kahawa. Mwanabibi tulimkuta ameketi juu ya gunia uani kwao, anachagua, nyekundu huku, mbichi huku. Amekonda. Tukaamkuana, nikamwuliza hali ya mama yake, akaniuliza hali ya watoto. Idrisi hakukaa. Alipiga magoti, akaitoa pikapu, akaiweka mbele yake kwenye lile gunia.

Wifi alipangusa mikono kwenye leso. Akamwona mtu ndani. Uso wake ulibadilika, na kwa kitambo kidogo nikaamini kwamba yamekwisha, kwamba tutarudi Meru watu watatu. Akafungua mlango, akamvuta dereva kwa vidole viwili, taratibu, akamweka kiganjani.

"Hana miguu."

"Ndani ya gari haionekani," kaka akasema.

Akamgeuza. "Na uso?"

Idrisi alitazama chini. "Nilijaribu. Mara nne nimejaribu. Nikishika brashi naona nilichokiosha."

Kaka yangu akaanza kuzungumza haraka haraka, kama mtu anayetapika. "Mama Yasser, uso haukuwepo. Gari lilimlalia upande ule. Mimi nilimwosha, nilijua. Sikuharakisha kwa sababu ya sheria. Niliogopa utafika. Ungesema mfunueni, na nani angekukataza? Nikasema moyoni, heri unichukie mimi kuliko ulale na ile picha kichwani."

Nilikaa chini palepale, juu ya kahawa za watu. Karibu miaka miwili nimeisikia ile kauli ya sanda imeshafungwa, nami nilidhani ni ukaidi wa wanaume. Nilikuwa nimesahau tulichofundishwa tangu utotoni, kwamba mwosha maiti hasemi alichokiona, hata kwa mkewe, hata kwa nduguye. Aibu ya maiti husitiriwa. Kaka alikuwa ameishika amana hiyo peke yake, na sisi wote tukimhukumu kwa jambo jingine.

Mwanabibi hakulia. "Muda wote huu," akasema, "umeniacha nikuchukie bure."

"Mwosha hasemi."

"Mimi ni mama yake, Idrisi. Si watu." Akamwangalia yule mtu wa mbao kiganjani, akampitishia kidole gumba pale alipokatwa kiunoni. "Miguu yake ilikuwa mizima?"

Kaka hakuelewa. "Miguu?"

"Miguu yake. Ilikuwa mizima?"

"Mizima. Haikuwa na hata mkwaruzo."

"Uliiosha?"

"Niliiosha. Mara tatu, kwa mikono yangu."

"Basi si ungemfunika uso," akasema, na sauti ikamkatika hapo hapo, "ukanionyesha miguu? Nilimkata kucha zile tangu akiwa mchanga. Ningemjua kwa miguu. Ningemshika miguu tu, ingenitosha."

Mtu anayepima mpaka unene wa kitasa, anayelala matopeni kutafuta inchi asiyoijua, alikuwa amekaa na jambo hili miezi ishirini na moja akiligeuza kila upande. "Sikufikiria," akasema. "Wallahi, Mama Yasser, hilo sikulifikiria."

Mwanabibi akaitikia kwa kichwa. Akamweka mtu yule ndani ya pikapu, akafunga mlango, akaisogeza pembeni. Akarudi kwenye kahawa yake. Alikuwa anazitupa nyekundu kwenye mbichi na mbichi kwenye nyekundu, na sisi wawili tulikaa pale tukimtazama, hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba anazichanganya.