Tumbo la Pikapu

Sisi watu wa nchi kavu tulikuwa na kiburi kimoja: tuliamini kutu ni ugonjwa wa Mombasa. Mvua yenyewe tunaiombea kanisani, gari litaoza na nini? Hata hivyo, kila mwenye pikapu upande wa Nuu aliipaka chini oili chafu ya injini, eti kinga. Nami nilipoachiwa pikapu na marehemu mume wangu, niliipaka vilevile, juu ya udongo uliokauka, bila kuosha. Kuosha tumbo la gari kwa maji yaliyobebwa na punda kutoka mtoni! Nani angethubutu?

Nilisahau nilichokuwa nikibeba. Kila wiki nilipeleka mbuzi soko la Mwingi, na mbuzi hukojoa njia nzima. Mkojo ulipenya mbao za sakafu, ukalowesha ule udongo, na oili yangu ikaufunika vizuri kama mfuniko wa sufuria. Baada ya miaka mitatu fundi alidunga chesi, ule uti wa chuma unaobeba gari, kwa bisibisi, nayo bisibisi ikazama hadi kwenye mpini.

"Mama, hii gari imeoza. Uza vyuma tu."

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alifurahi kupita kiasi. Pikapu ingeuzwa, ningebaki kulima shamba lake na kumwomba hata chumvi. Niliogopa, nakiri, lakini hasira ilizidi woga.

Nikaingia chini ya gari. Nilikwangua kwa patasi na brashi ya waya siku nne, kutu ikiniingia machoni na mdomoni. Lakini mkojo uliogandia kwenye pembe za chuma hautoki bila maji, na kiangazi kilikuwa kimeshusha maji ya visima tunavyochimba mchangani mtoni hadi watu wanachota kwa kikombe. Nikatoa mitungi miwili ya maji ya nyumbani, nikaanza kuosha.

Shemeji akatokea na mnunuzi saa ileile.

"Wee mama, unaogesha gari na watu wako na kiu? Watoto watakunywa nini?" shemeji akafoka.

"Jioni nitaenda kuchota mwenyewe," nikajibu kutoka chini. "Na huyo mgeni akitaka bei, aingie huku tuongee."

Mgeni hakuingia. Lakini maji yaliisha kabla sijafika nusu, na walipoondoka nililia palepale mavumbini.

Asubuhi mke wa shemeji alifika na punda wake, amebeba mitungi minne ya maji.

"Bwana yako akijua?" nikamuuliza.

"Ajue. Mimi nataka hii gari itembee."

Tukaosha pamoja hadi chuma kikaonekana. Fundi akaja kuchomelea vipande, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, na ilipokauka nikapaka lami. Safari hii hapakuwa na udongo chini yake.

Siku ya soko nilipakia mbuzi kumi na wawili. Mke wa shemeji akaja, akafungua mlango wa mbele, akaketi kando yangu na furushi la nguo mapajani. Alishukia Mwingi, akapanda basi la kurudi kwao, kwa wazazi wake.